Mpaka wa Kusini wa Mwenyekiti

Kikao cha kupitisha faili kilifunguliwa kwa sala, kama vikao vyote vya Umoja wa Wakulima wa Migomba, na sala yenyewe ilikuwa fupi kuliko hotuba iliyoitambulisha. Mama Penina, mhazini, ambaye ni Mlutheri na ndiye aliyekuwa na zamu, alimwomba Mungu aibariki seva. Wajumbe wakaitikia amina, kisha wote wakageuka kuitazama seva. Ilikuwa imekaa juu ya meza ya pembeni, katika ofisi ya Umoja pale Buhembe, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kwa sababu Mama Penina alisema kitu cha thamani hakiachwi wazi. Avit, fundi wa kompyuta, alikuwa amekiondoa kitambaa mara kadhaa ili mashine ipumue, na kila aliporudi alikikuta.

Seva ile ilikuwa mali ya Umoja. Jambo hilo Mwenyekiti, Ta Karugendo, alilisema kwa kila mtu aliyekubali kusimama. "Habari za migomba yetu zilale Ulaya kwenye mashine za watu? Hapana. Zitalala hapa Bukoba, na sisi tutalala karibu nazo." Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, nshomile kamili, yaani mtu aliyesoma na asiyekuruhusu usahau kwamba amesoma. Suti yake ya vikao ilikuwa na mfuko wa juu wenye kalamu za rangi zote, na hakuna aliyewahi kuiona ile nyekundu ikirudi mfukoni kabla haijasahihisha kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa njema, na ni haki kuisema hivyo kabla ya mengine. Wakaguzi wa Umoja walikuwa wamepita vijijini, Bukoba Vijijini hadi Muleba, wakiandika kila kibanja, yaani shamba la migomba la kaya, chenye ugonjwa wa mnyauko na kila kibanja kizima. Mkulima akifungua ramani ya Umoja kwenye simu angeona nukta nyekundu penye ugonjwa na nukta ya kijani penye uzima, akajua aende wapi kuomba machipukizi na wapi asikanyage. Data zote zilikuwa zimekwisha kuingizwa. Kilichobaki ni faili la mipangilio.

"Programu hii haina vitufe vya kubonyeza," Avit alieleza. "Ina faili moja la maandishi. Ikiwashwa inalisoma kuanzia juu hadi chini, na inachokikuta humo ndicho inachokijua: jina lake, anwani yake, nani mhusika, itoe data zipi, na za eneo gani. Kisichoandikwa humo, kwake hakipo."

"Kumbe ni katiba," alisema Dastan, katibu.

Avit alifungua mdomo kukanusha, lakini neno lilikwisha kutoka, na wajumbe walikuwa tayari wanavuta viti karibu na meza. Katiba walikuwa wanaijua. Katiba inapitishwa kifungu kwa kifungu, inachapwa, inasainiwa kila ukurasa, inagongwa muhuri, na baada ya hapo haiguswi na mtu mpaka kikao kingine kikae na akidi itimie.

Kifungu cha jina kilimaliza asubuhi. Avit alikuwa ameandika "Ramani ya Mnyauko". Mwenyekiti alisema hilo ni jina la kitu cha dukani. Baada ya michango mingi huduma ikaitwa "Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Taarifa za Afya ya Migomba na Ustawi wa Kaya", na Avit akaonya kwamba kwenye kioo cha simu litaonekana hadi neno "wa" la kwanza, mengine yatakatika.

"Mwenye kutaka kuliona lote anunue simu kubwa," Mwenyekiti alisema, na wajumbe wakacheka, kwa sababu ni yeye aliyesema.

Kwenye kifungu cha mhusika palikuwa na nafasi ya jina moja na namba ya simu, ili mkulima akikwama ajue ampigie nani. Avit alikuwa ameweka namba yake. Ikaondolewa. Likawekwa jina la Mwenyekiti na vyeo vyake vyote, pamoja na vile vya parokiani. Hapo Mama Penina akauliza wahazini wamekosa nini, na Dastan akauliza ni nani anayeandika mihtasari yote hii, na Mzee Kamala wa Muleba, ambaye hadi saa hizo alikuwa anasinzia, akaamka akauliza kama kuna kinachogawiwa.

Avit aliomba amani. "Kuna mistari ya maelezo," alisema. "Ukianza mstari kwa alama hii ya reli, unaweza kuandika chochote. Shukrani, majina, salamu. Hakuna kikomo."

"Na kompyuta itafanya nini na maneno hayo?"

"Itayaruka."

"Itayaruka?" Mwenyekiti alivua miwani. "Shukrani kwa wazee wa Umoja, iziruke?"

"Haizidharau, Mwenyekiti. Haizisomi tu."

Wajumbe walishauriana, wakaona kwamba kutosomwa si jambo geni kwao, wakakubali. Faili likajaa shukrani. Mtu akilifungua leo anapita salamu kwa wazee, kwa wafadhili, kwa marehemu waasisi na kwa vijana tegemeo la kesho, kabla hajakutana na mstari mmoja ambao mashine inautumia.

Halafu wakafika kwenye mpaka.

"Hizi namba nne ni nini?" Mwenyekiti aliuliza, kalamu nyekundu mkononi.

"Ni mpaka wa eneo. Magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Zinachora mstatili. Nukta iliyo ndani ya mstatili inaonekana kwenye ramani. Iliyo nje haionekani, hata kama tunayo kwenye data."

"Hata kama tunayo."

"Ndiyo. Mashine haiangalii nje ya uzio."

Mwenyekiti aliagiza chai, ingawa chai ilikuwa imekwisha kunywewa. Kila mjumbe aliyekuwa mezani alijua kinachomsumbua, na kila mmoja alijishughulisha na kikombe chake. Ta Karugendo ni mtu wa Rwenkende, kusini mwa Muleba. Kibanja chake huko ni cha babu yake, watu walikuwa wanatoka mbali kukitazama kama wanavyotazama kanisa jipya, na tangu Pasaka kilikuwa na mnyauko. Mkaguzi alikwisha kukiandika. Kwenye data kilikuwa na nukta nyekundu kama ya mtu yeyote.

"Nashauri," alisema baada ya chai, "huu mpaka wa kusini upandishwe kidogo. Kwa ajili ya muonekano. Ramani iliyorefuka sana kwenda chini haipendezi."

"Upande hadi wapi?" Avit aliuliza.

"Uishie kabla ya Rwenkende. Kijiji kile taarifa zake bado zinachakatwa."

"Mwenyekiti, mstatili una pande nne tu. Siwezi kuchomoa kijiji kimoja. Nikipandisha mpaka, vinatoka na vijiji vyote vilivyo kusini yake. Ni karibu nusu ya Muleba."

"Vitaingia awamu ya pili."

"Na mtu akitazama kusini ataona barabara na ziwa, haoni hata nukta moja. Atadhani huko hakuna ugonjwa."

"Watu wana akili, Avit."

Mzee Kamala alikuwa mtu wa kusini hukohuko. Alikohoa, akasema vijiji vyake vina wakulima wengi wanaoisubiri ramani hii. Mwenyekiti akakubaliana naye kabisa, akasema jambo zito namna hiyo linahitaji mtu wa kulisimamia, na hapohapo akampendekeza Mzee Kamala kuwa Mratibu wa Awamu ya Pili, jina lake liingie kwenye faili. Mzee Kamala aliuliza kama ni kwenye mistari inayosomwa au inayorukwa. Alipoambiwa inayorukwa, lakini karibu na juu, aliridhika.

Faili likapita. Likachapwa, likasainiwa, likagongwa muhuri kila ukurasa, likafungiwa kabatini. Mama Penina akafunga kwa sala, akamshukuru Mungu anayejua mipaka ya kila kitu. Mungu, tunaamini, alikuwa anasikiliza, na anajua pia Rwenkende iko wapi.

Aliyekuwa akiisubiri ramani hiyo kuliko wote hakuwa kwenye kikao. Ma Georgina wa Kaagya ni mjane. Mnyauko ulipoingia kwake alifanya kila alichofundishwa na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku: aling'oa kibanja kizima, shina kwa shina, akaacha udongo upumzike, akalima mahindi na mihogo pale ambapo mume wake alikuwa amezikwa katikati ya migomba. Shemeji yake, Rugaibula, alikuwa akipita kila msimu na kutikisa kichwa. Kwa Mhaya, kibanja kisicho na mgomba ni uwanja tu, na uwanja una wenyewe, yaani ukoo. Ukoo ulikaa, ukakubaliana: ikiwa mvua hizi za vuli zitapita bila migomba kusimama pale, Rugaibula angepanda mikaratusi. Na akishapanda mikaratusi, kila mtu alielewa, ardhi ni yake.

Kwa hiyo Georgina alihitaji machipukizi mazima, na alihitaji yawe mazima kweli. Akipanda yenye ugonjwa angepoteza mvua, angepoteza udongo alioupumzisha, na angempa shemeji yake sababu ambayo hakuna kikao cha ukoo kingeipinga.

Siku ya uzinduzi palikuwa na utepe, kwaya, na mtangazaji wa redio. Ramani ilifunguka, watu wakapiga makofi. Bukoba Vijijini ilikuwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua, na kijani kichache hapa na pale. Kusini mwa Muleba palikuwa peupe, safi, hakuna hata doa. "Kule Mungu amewahurumia," mtu mmoja alisema nyuma, na neno likatembea.

Mtangazaji akamsogezea Mwenyekiti kipaza sauti. "Na kibanja chako wewe, Mwenyekiti, kikoje?"

Mtu mwingine angesema kinaendelea. Ta Karugendo aliona umati, aliona kipaza sauti. "Mlango wa Karugendo uko wazi," alisema. "Mwenye shida ya machipukizi aje Rwenkende. Bure!"

Watu walishangilia. Georgina, aliyesikiliza redio akimenya mihogo, aliinua mikono akamshukuru Mungu. Vibanja vya kijani vya karibu alivyoviona kwenye simu yake vilikuwa na foleni ndefu. Rwenkende haikuwa na doa. Na Ta Karugendo alikuwa amemfundisha darasa la tano. Alichukua magunia na panga, akapanda bodaboda kwenda Muleba.

Mwenyekiti alikuwa barazani alipomwona anashuka. Inasemekana aliinuka kana kwamba anataka kuingia ndani, kisha akakumbuka kwamba amekwisha kuonekana.

"Ma Georgina waitu! Karibu. Edvina! Tuna mgeni, leta akamwani."

Edvina, mke wake, alileta kahawa za kutafuna kwenye kisahani, akapiga goti kumsalimia mgeni, akaketi mkekani. Hakuwa na furaha usoni. Mbele ya nyumba, upande unaoonekana kutoka barabarani, migomba bado ilikuwa imesimama vizuri. Nyuma, mlango ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa, mchana kweupe.

"Mwalimu, nimekuja kwa neno lako la redioni," Georgina alisema.

"Redio!" Mwenyekiti alicheka. "Redio inakata maneno, unajua. Nilisema maneno marefu zaidi."

"Ulisema bure. Hilo halikukatwa."

"Sasa, kupanda mwezi huu... wataalamu wa Maruku wanashauri subira."

"Wataalamu wa Maruku ndio walionituma nipande mwezi huu. Mvua imekwisha kuanza kwetu."

"Na gari la kubebea?"

"Bodaboda yuko getini. Ana kamba."

Mwenyekiti alitafuna kahawa polepole, kama mtu anayetumaini itadumu hadi mvua iishe. Kumnyima mtu chipukizi la mgomba ni aibu ambayo hata mtu asiyesoma haifanyi. Angeweza kukwepa kwa neno moja tu, kusema kibanja changu kinaumwa, lakini neno hilo lilikuwa limewekwa nje ya uzio kwa muhuri.

"Edvina," alisema hatimaye, "mletee yale ya nyuma."

"Ya nyuma yapi?"

"Ya nyuma, mama. Ya nyuma."

"Mzee, ya nyuma ndiyo..."

"Edvina!"

Edvina alikwenda. Alirudi na machipukizi mikononi, majani yake membamba yamesimama vizuri kama mikuki, akayalaza chini bila kumtazama mgeni.

Georgina aliyageuza, akasifu. Kisha akaomba moto.

"Wa nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nichome panga. Tulifundishwa tusikate kitu na panga lisilopitishwa motoni."

"Kwangu? Unachoma panga kwangu, kama umefika hospitali?"

"Ni panga langu ndilo chafu, Mwalimu. Limetoka Kaagya."

Hilo hakuweza kulipinga. Edvina alileta jiko la mkaa kwa haraka ambayo hakuwa ameionyesha kwa kahawa. Georgina alipitisha panga motoni, akalipoza, akachukua chipukizi moja, akalikata katikati na kukisimamisha kipande juu ya goti lake. Palikuwa peupe. Mwenyekiti alishusha pumzi kwa sauti.

"Unaona? Peupe kama karatasi."

"Tunasubiri kidogo," Georgina alisema.

Katika kusubiri huko Mwenyekiti alizungumza sana. Alieleza habari za seva, habari za mikoa mingine isiyo na seva, habari za kiongozi mmoja aliyeisifu sana seva bila kuiona. Georgina alisikiliza akitazama goti lake. Kwenye ule weupe palitokea tone dogo, halafu jingine, la njano, zito, kama usaha.

Alilijua. Alikuwa amelitazama kwenye kila shina alilong'oa kwa mikono yake. Alifikiri juu ya Rugaibula, na juu ya jinsi ambavyo angekuwa ameshavuka Muleba na magunia yaliyojaa kama asingeomba moto, na akasali kimoyomoyo apewe ulimi mzuri, maana ule uliokuja kwanza haukuwa mzuri. Akakigeuza kipande ili upande wa njano umtazame mwenye nyumba.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "nakushukuru sana. Haya nitayapanda mbele kabisa, kando ya barabara."

Mwenyekiti aliliona tone. "Kando ya barabara? Si lazima."

"Lazima. Kila apitaye Kaagya ayaone. Nitaweka na kibao: Zawadi ya Mwenyekiti, kutoka Rwenkende. Kwa herufi kubwa."

"Georgina..."

"Na Jumapili natoa shukrani kanisani. Padri atanipa nafasi baada ya matangazo. Nitasimama na chipukizi mkononi, nitaje jina lako lote na vyeo vyako vyote. Yakistawi, watu wajue ni ya nani. Yakinyauka pia wajue ni ya nani."

"Na mimi nitakuja," alisema Edvina kutoka mkekani. "Nitakushikia kibao."

"Wewe nyamaza!"

"Nimenyamaza tangu Pasaka, mzee. Nimechoka. Wanakuja hapa wanachukua, na mimi nasindikiza ugonjwa hadi getini kama nimewapa mboga. Jana alikuwa Penina."

"Penina mhazini?" Georgina aliuliza. "Si alikuwa kwenye kikao?"

"Alisema Mwenyekiti hawezi kuwapa watu wa mbali mabaya, yaliyo mabaya bila shaka yamekwisha kuondolewa," Edvina alisema. "Akajaza gari la shemeji yake."

"Ningemwambia nini?" Mwenyekiti alifoka. "Mimi? Nimwambie mhazini wangu kwamba kibanja cha Karugendo kina ugonjwa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni maneno machache. Darasa la tano tungeyaandika kwenye imla."

Mwenyekiti alitazama chipukizi, akatazama njia, na pengine aliiona Jumapili yenyewe: Georgina amesimama mbele ya altare, watu wamegeuka, na lile tone linadondoka taratibu kwenye sakafu ya kanisa huku vyeo vyake vikisomwa. Akatoa simu.

"Avit. Kuna marekebisho madogo ya mpaka."

"Mpaka upi, Mwenyekiti?" Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote walisikia.

"Wa kusini. Urudi... urudi ulipokuwa."

"Faili limesainiwa. Ulisema lisiguswe mpaka kikao kikae na akidi itimie."

"Mimi ndiye kikao!"

"Na Rwenkende itaonekana."

"Najua."

"Nyekundu."

Mwenyekiti aliangalia pembeni, akashusha sauti. "Avit, mwanangu. Ile nukta yangu haiwezi kuwa na rangi nyingine? Zambarau, kwa mfano. Zambarau ni rangi ya maaskofu."

"Faili lina rangi mbili, Mwenyekiti. Mgonjwa na mzima."

"Hata njano?"

"Mwenyekiti."

"Basi. Andika."

Ilikuwa namba moja tu. Avit aliibadilisha, akaizima huduma na kuiwasha, ikasoma faili lake kuanzia juu, ikaruka shukrani zote, ikafika kwenye uzio mpya. Georgina alipofungua ramani, kusini mwa Muleba palikuwa pametapakaa madoa: mengi mekundu, na kati yake vibanja vya kijani ambavyo navyo vilikuwa vimefichwa siku zote hizo kwa ajili ya heshima ya mtu mmoja. Kimojawapo kilikuwa jirani tu, kwa mzee aitwaye Philbert, ambaye hakuwa na cheo chochote na kwa hiyo hakuna aliyemkumbuka.

Simu ya Mwenyekiti ilianza kulia kabla hajairudisha mfukoni. Aliyepiga alikuwa Mama Penina. Hakuipokea.

"Pokea," Edvina alisema. "Labda hajapanda bado." Yeye mwenyewe alikwisha kuinuka, amejifunga kitenge kiunoni, anatafuta jembe la kung'olea. Georgina alimsaidia kuanza shina la kwanza nyuma ya nyumba, akamwonyesha jinsi ya kuchimba hadi mizizi, kisha akasukuma magunia matupu kwenye bodaboda na kwenda kwa Philbert.

Umoja ulikaa kikao cha dharura. Mwenyekiti hakujiuzulu, wala hakuna aliyemtaka ajiuzulu, kwa kuwa ingehitaji kubadilisha kifungu cha mhusika. Ila muda si mrefu alianza kusimulia jambo lile kwa namna yake. Alikuwa, alisema, mwenyekiti wa kwanza katika mkoa mzima kujitangaza mwenyewe kwenye ramani. Wengine walisubiri kuandikwa na wakaguzi; yeye alipiga simu. Wageni wakija ofisini Buhembe aliwaonyesha kwenye kioo. "Ile nyekundu pale, iliyo peke yake kidogo, ni ya kwangu."

Habari hiyo alikuja nayo hadi Kaagya. Alimkuta Georgina shambani, mikono ina udongo, machipukizi ya Philbert yamesimama kwenye mistari kutoka barabarani hadi karibu na kaburi la mume wake. Upande wa chini ulikuwa bado mtupu. Rugaibula naye alikuwa amefika, amesimama kwenye mpaka wa shamba na kreti ya miche ya mikaratusi miguuni mwake, anatazama ule upande mtupu.

"Mvua zinakwisha na umepanda nusu," alisema Rugaibula. "Makubaliano ya ukoo yalikuwa kibanja, si nusu ya kibanja. Hapa chini naanza mimi leo. Mwenyekiti, wewe ni msomi, umefika vizuri. Sema."

Mwenyekiti alisafisha koo, kwa kuwa alikuwa ameombwa maoni. Alianza na historia ya mgomba. Halafu akayatazama machipukizi, akainama, akagusa jani moja, na hotuba ikamwishia. Kwake Rwenkende kulikuwa na mashimo tu. Edvina alikuwa amemwambia kwamba kibanja kikishapumzika watahitaji machipukizi mapya, na kwamba yeye hatakwenda kuomba, aende aliyesababisha.

"Ma Georgina," alisema kwa sauti ya chini, "haya yakizaa... utanikumbuka?"

"Utakuja kuomba kama wengine, Mwalimu. Nitakupa. Yote mazima."

Rugaibula alimtazama Mwenyekiti wa Umoja, nshomile, mwenye vyeo vya parokiani, akiomba migomba kwa mjane ambaye yeye alikuwa amekuja kumpandia miti. Majirani wawili waliokuwa wanapita walikuwa wamesimama, na walikuwa wamesikia.

"Mimi ningesema," Mwenyekiti alimgeukia, na safari hii hakusafisha koo, "huo mkaratusi uurudishe ulikoutoa. Hapa ndipo nitakapochukua mbegu. Ukipanda mti wako hapo utanyonya maji yake yote, na nitasimama kwenye ukoo wenu niseme hivyo."

Rugaibula alibaki kidogo, ili isionekane ameondolewa. Kisha akainua kreti yake.

Georgina alimpa Mwenyekiti jembe, akamwonyesha upande wa chini. Mwenyekiti alivua koti la suti, akalikunja kwa uangalifu, kalamu zikitazama juu, akachimba shimo huku akieleza jinsi shimo linavyotakiwa kuwa. Lilikuwa jembamba. Alipogeuka kuchimba la pili, Georgina alilipanua la kwanza, akalisimamisha chipukizi ndani yake.